Kutayarisha maji ya nyumbani kabla ya masika

Kaskazi imekatika, kusi haijashika, na sasa tuko katika maleleji, siku ambazo bahari hulala kimya na jasho halikauki mwilini. Wengi hapa Mombasa huutumia wakati huu kulalamikia joto. Mimi nimeachiwa kazi ya kuangalia maji ya uwanja wetu wa familia huku Kisauni, yaani kisima kimoja, matangi mawili ya lita 5,000 na mashine ndogo ya kuondoa chumvi, na hizi ndizo wiki ambazo siruhusu shughuli nyingine initoe nyumbani. Masika yakishaanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, na kufikia kilele chake Mei, hakuna kinachotengenezeka vizuri tena; utazibaziba tu huku umelowa.

Binamu yangu anayeishi Kanada hunicheka kwa haya. Yeye matayarisho yake huyafanya Oktoba, kabla ya baridi kali, na sababu zake ni nzito: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hivyo bomba lililoachwa na maji ndani hupasuka, na ule utando wa mashine ya kuchuja ukigandiwa na barafu huharibika usitengenezeke. Kwa hiyo huyamwaga maji yote ya mabomba ya nje, huvika mabomba mengine nguo za kuzuia baridi, na mashine yake ameihamishia ndani ya nyumba. Ameniambia pia kwamba maji yanapopoa utando hupitisha maji machache, kama asilimia 3 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua, jambo ambalo hata mimi huliona kidogo mwezi Julai, upepo wa kusi unapovuma na pipa la maji safi likachelewa kujaa. Lakini barafu si adui yetu. Adui wetu ni tope, na nimemjua kwa gharama.

Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipofurika mtaani, maji ya barabarani yaliingia kisimani kupitia ufa wa sakafu ya saruji inayozunguka mdomo wake. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Mimi, kwa kujiona mjuzi, nikatia klorini mara mbili ya kawaida na kuwatangazia watu kwamba maji ni salama. Shangazi alionja, akatema, akasema, "Mwanangu, haya yananuka dawa mpaka koo lawasha, nawe waniambia ni maji?" Nilimjibu kwamba harufu ndiyo dalili ya usalama. Baada ya siku mbili watoto watatu waliumwa na matumbo.

Kosa langu halikuwa kipimo cha dawa. Klorini ikikutana na udongo na majani yaliyooza hujimaliza kwa kupambana navyo, na vijidudu hujificha ndani ya chembe za tope ambako dawa haifiki. Kanuni inayojulikana ni kwamba baada ya dakika 30 lazima ibaki angalau miligramu 0.5 ya klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, katika kila lita, nayo kanuni hiyo imewekwa kwa maji yaliyo maangavu na yasiyo na ukali wa magadi kupita kiasi. Pua haiwezi kupima hilo. Vidonge vya kupimia, vinavyoyageuza maji rangi ya waridi, vinaweza. Tangu siku hiyo sitii dawa kabla sijayaona maji katika bilauri ya kioo iliyowekwa mbele ya gazeti. Nisipoweza kusoma herufi ndogo, maji hayo hayajafikia kutiwa dawa.

Yakiwa na tope natumia shabu, ile ile inayouzwa dukani kwa matumizi ya baada ya kunyoa. Nachukua chupa sita za lita moja, natia maji ya kisima, kisha kila chupa naiongezea maji ya shabu kidogo zaidi ya iliyotangulia, nakoroga kwa nguvu halafu polepole, na kuziacha. Baada ya nusu saa chupa moja huwa imejitenga waziwazi, juu maji safi na chini mabonge kama pamba iliyolowa, na kipimo cha chupa hiyo ndicho ninachokizidisha kwa tangi zima. Kazi hii haina fahari yoyote, lakini imetufaa kuliko kifaa chochote nilichonunua kwa pesa nyingi.

Kisima chenyewe kina hila moja ambayo wageni wa Pwani hawaijui. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango madogo, na wakati wa kiangazi maji yake huwa na chumvi. Masika yakinyesha vizuri, maji ya mvua hupenya haraka na kuelea juu ya yale ya chumvi, na watu hufurahi kwamba kisima kimekuwa na maji matamu. Mwaka jana kipimo changu cha chumvi kilishuka karibu nusu katika wiki tatu, na majirani wakaanza kuja na madumu yao. Lakini nyufa zilezile zilizoleta mvua huleta na maji ya mashimo ya vyoo, na ule umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, ambao mafundi huutaja kama sheria, hautoshi kuwa kinga katika mwamba wa namna hii. Maji yakiwa matamu ndipo ninapoongeza uangalifu. Wiki iliyopita nimeziba ule ufa, nimeinua ukuta wa mdomo wa kisima kwa matofali mawili, na nimeweka mfuniko unaofunga kweli badala ya lile bati lililoshikiliwa na jiwe.

Paa nalo lina habari yake, na jina lake ni kunguru. Miezi yote ya kaskazi wameketi pale juu wakiangusha mavi, mifupa ya samaki na vipande vya mikate, na mvua ya kwanza huyakusanya yote na kuyapeleka kwenye tangi. Paa letu lina mita za mraba 80, kwa hiyo milimita moja ya mvua ni lita 80. Nimeunganisha pipa la lita 100 chini ya mlizamu mkuu ili lijazwe kwanza, na likijaa mpira unaoelea huziba njia na maji yanayofuata huenda tangini. Pipa lina kitundu chini, hujimwaga taratibu hadi mvua ya pili.

Matangi nimeyasugua kwa brashi, kisha nimeyajaza na kutia klorini ya unga ya asilimia 65. Hesabu yake ni hii: miligramu 50 kwa lita, mara lita 5,000, ni gramu 250 za klorini halisi, yaani kama gramu 385 za unga. Unga huyeyushwa kwanza katika ndoo ya plastiki yenye maji, wala si maji kumwagwa juu ya unga. Nilifungua mabomba yote hadi harufu ikatoka kila mahali, nikayaacha kwa saa 12, ndipo nikayamwaga, mbali na migomba ya shangazi. Mashine ya kuondoa chumvi niliifungia njia kabla ya hapo, kwa kuwa klorini huula utando wake.

Kwa mashine sina maneno mengi: nimebadilisha chujio la maikroni 5 na lile la mkaa, ambalo likikaa na maji yaliyotulia siku nyingi huwa makazi ya vijidudu. Taa ya mionzi, ile inayoua vijidudu maji yakipita, ndiyo inayonitia wasiwasi. Mvua kubwa huku ni sawa na umeme kukatika, na taa ikizimika maji hupita kana kwamba yametibiwa. Fundi ameniwekea vali inayojifunga umeme ukikatika. Nimeijaribu mara nne kwa kuzima swichi, na imefunga mara nne.

Imebaki milizamu ya upande wa jikoni, iliyojaa majani ya mwembe. Ngazi ya jirani inarudi Jumamosi.