Mashua ikiwa nchi kavu: ninavyowazuia panya, mchwa na mende

Mashua yangu hupanda pwani masika yakianza, na haishuki mpaka kusi lilegee. Hapa Ushongo, kusini mwa Pangani, miezi hiyo hakuna wageni wa kupeleka kisiwa cha Maziwe, na bahari haina masihara, kwa hiyo ndio wakati wa kung'oa pamba mbovu, kukalafati upya, yaani kuziba nafasi za mbao, na kupumzisha mbao. Wenye vyombo wengi ukiwauliza wanaogopa nini msimu huo, watakutajia mvua na jua. Mimi siviogopi sana hivyo, maana vinaonekana. Ninaowaogopa ni wapangaji. Chombo kilichokaa chini ya turubai, kina kivuli, kina harufu ya samaki na vijichumba vya giza mbele kwenye omo na nyuma kwenye tezi, hakikosi wa kuhamia.

Ugumu ni kwamba huwezi kukiziba tu ukaondoka. Mbao zinataka upepo. Maji ya chumvi huhifadhi ubao, lakini maji ya mvua yakituama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, huleta ukungu unaoozesha mbavu taratibu, na joto la chini ya turubai lililobanwa pande zote humaliza kazi. Kwa hiyo tundu la ngama liko wazi masika yote, kifuniko cha feuli, kile chumba kidogo cha kuwekea vitu, nimekiegemeza kipande cha mti kisifunge, na turubai nimeliinua juu ya foromali ya zamani, ule mti wa kufungia tanga, likawa paa, pembeni kupo wazi. Kazi yote iliyobaki ni kuuachia upepo njia na kumnyima njia mwenye miguu.

Inaanza na usafi, na hapa sina mzaha. Siku mashua inapopigwa gadi, miti ya kuitegemeza isilale, kila kinachotoka kinatoka: kamba, maboya, mbao za sakafu, jiko la mkaa, lile galoni la maji, hata kitambaa cha kufutia mikono. Ndani tunasugua kwa maji ya bahari na brashi ngumu, hasa nyuma ya mataruma, yaani mbavu za chombo, ambako magamba ya samaki yanaganda na damu hukauka isionekane. Nilikuta humo punje za mchele zilizomwagika safari ya zamani, zimejibana kati ya ubao na ubavu. Kwa panya hiyo ni karamu. Mikoba ya kuogelea na jaketi za kuokolea naondoka nazo nyumbani, kwa sababu panya hahitaji kula sponji ili aiharibu. Anaitaka ya kutandikia watoto wake.

Tanga ndilo linalouma zaidi kulipoteza. Langu ni la merikani, limeshonwa kwa mkono, na panya akipata tanga lililokunjwa hapiti juu juu. Anatoboa mikunjo yote kwa mpigo mmoja, ukilikunjua unakuta tundu lilelile limejirudia kila baada ya pima moja. Silikunji tena. Likishakauka vizuri nalining'iniza kwenye kenchi za nyumba kwa waya mwembamba, na juu ya kila waya nimepitisha kifuniko cha kopo la rangi kilichotobolewa katikati. Panya wa minazini hutembea juu ya waya bila taabu, lakini akifika kwenye kifuniko kinachozunguka, hana pa kushika.

Ujanja huo sikuubuni. Meli kubwa zikifunga gatini huwa na sahani za bati kwenye kamba zao, panya wa bandarini wasipande. Na shambani hapa wenye minazi huvika shina mkanda wa bati kwa sababu hiyohiyo: panya mweusi anaishi juu kwenye makuti, anatoboa nazi changa, na kushuka kwake ni kwa shina au kwa kamba yoyote utakayomfungia. Wewe unafunga mashua kwenye mnazi ili isisogee na maji ya bamvua, yeye umemtandikia daraja. Sasa kamba zangu zote zinakwenda kwenye nguzo fupi zilizochimbiwa mchangani, mbali na miti, na kila moja ina sahani yake.

Hata hivyo tusidanganyane, panya anaruka zaidi ya nusu mita kwenda juu, na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, umekaa juu ya magogo ya mnazi, kimo cha goti. Atapanda. Kinachobaki ni asikute mlango wala chakula. Kipimo ninachotumia ni kidole. Panya mdogo wa ndani anapita kwenye upenyo wa milimita 6 hivi, yule mkubwa kwenye kitu cha sentimita moja na kidogo, kwa hiyo tundu lolote linaloingiza ncha ya kidole changu cha mwisho linazibwa. Tundu la ngama, mdomo wa feuli na nafasi zilizo chini ya sitaha ya omo nimezipigia wavu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu wa mbu wa nailoni anautafuna usiku mmoja. Wavu wa kuku ni mpana mno. Kwenye pembe zisizokubali wavu, ninasokomeza zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nazo hataki kuzigusa kwa meno. Zinaoza kwa kutu, ndiyo, lakini msimu mmoja zinamaliza.

Sumu niliiacha. Panya aliyekula sumu hafi palepale, anajikokota mpaka mahali pa giza kabisa, na mahali hapo ni chini ya sakafu yako, nyuma ya ubao usioweza kuung'oa. Tena akifia nje ataliwa na bundi au na paka wa jirani, na sumu nyingi za panya zinaendelea kuua hapo. Nategemea mitego ya kubana. Chambo ni nazi iliyochomwa mpaka inatoa harufu, imefungwa kwa uzi ili asiinyakue. Panya ni mwoga wa kitu kigeni, kwa hiyo usiku wa mwanzo naacha mitego na chambo bila kuitega, ale, azoee. Halafu ndiyo naitega. Naiweka imeelekea ubavuni mwa chombo, kwa sababu panya hapiti katikati ya sakafu, hupita akigusisha sharubu ukutani.

Jambo moja la panya lilinishangaza: wanavyopenda shahamu. Deheni, ile ya kupaka chombo kwa nje upande wa chini, ni chokaa na shahamu, na kuna mwaka fundi alitaka tupake mapema, mashua ikae nayo masika yote. Nikamwambia, "Mzee, na hawa wakwaruzaji?" Akacheka. "Basi ngoja, mwanangu. Utapaka siku maji yanakuja kukuchukua." Ndivyo tunavyofanya, deheni inapakwa mwishoni kabisa. Pamba ya kalafati nayo, iliyoloweshwa mafuta, nawaomba mafundi waigonge na kuifunika siku ileile. Ikilala wazi usiku, asubuhi unakuta imechomolewa mapande mapande.

Mchwa ni habari nyingine, kwa sababu hawaji na kelele. Mashua yangu ni ya msaji, isipokuwa ubao mmoja wa ubavuni uliowahi kubadilishwa kwa mwembe, maana ndio uliopatikana kwa bei ile. Siku moja nikiwa nakagua gadi za upande wa bara, niliona mstari wa udongo, unene wa penseli, umepanda kutoka mchangani, umepita kwenye gadi, umefika kwenye ubavu na kuingia moja kwa moja kwenye ule mwembe. Mbao za msaji za juu na chini hazikuguswa. Nilipobonyeza kwa ncha ya kisu, rangi ya nje ilikuwa nzima, ndani kisu kikaingia kama kwenye andazi.

Kinga niliyoishia nayo ni rahisi. Gadi sasa ni za mkoko, ambao mchwa hawaupendi kama wanavyopenda mti laini, na kila gadi imekaa juu ya tofali la saruji. Tofali haliwazuii kupanda, ila linawalazimisha wajenge njia yao hadharani. Mchwa hawa hawawezi kutembea juani, wanakauka, ndiyo sababu ya ule mfereji wa udongo. Ukiubomoa, walio juu wamekatika na unyevu wa chini. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala napita na kijiti, nazunguka chombo, nakwangua. Kuna wanaoshauri kumwaga oili chafu ya gari kuzunguka gadi. Inafanya kazi mpaka mvua kubwa ya kwanza, kisha oili yote inateremka baharini tunakovua. Siitaki.

Mende tunawaleta wenyewe, kwenye maboksi ya bidhaa na magunia. Siku hizi boksi halipandi mashuani, vitu vinahamishiwa kwenye ndoo pale pale mchangani. Waliosalia nawapa asidi ya boriki, nimeichanganya na sukari na unga kidogo wa ngano, nikafinyanga tonge ndogo na kuziweka kwenye vizibo vya soda chini ya sakafu, mahali ambapo mtoto wala kuku hafiki. Haiui haraka, na watu wengi hukata tamaa mapema. Mayai yako ndani ya kifuko kigumu na dawa haiyafikii, kwa hiyo baada ya wiki chache naweka tena kwa ajili ya waliototolewa. Naftalini nilizijaribu. Mende walihama kutoka tezi kwenda omo, na mimi nikaumwa kichwa. Majani ya mwarobaini ukiyachoma yanapunguza mbu jioni ile, basi. Na kile kidude cha betri kinachosemekana kutoa sauti ya kufukuza panya, panya alikinyea.

Mashine ya kusukumia mashua ninaiondoa kabisa na kuisimamisha stoo, lakini hata huko kuna nyigu wa udongo. Hawa wanapenda tundu lolote la ukubwa wa kidole: pale maji ya kupozea yanapotokea, na kipumulio cha tangi la mafuta. Wanaliziba kwa tope na kuweka buibui ndani kwa ajili ya mabuu wao. Si jambo la kupuuza. Ndege ya abiria iliyoanguka baharini karibu na Puerto Plata mwaka 1996 na kuua watu 189, wachunguzi waliona kinachoelekea kuwa chanzo ni mrija wa kupimia kasi ulioziba, na waliowashuku ni nyigu wa aina hii. Mimi naziba matundu hayo kwa kitambaa, kisha nafungia utepe mwekundu mrefu ili nisisahau kukitoa.

Nyuki waliwahi kuingia kwenye feuli kabla sijaweka wavu. Nilimwita mrina asali wa kijijini, akaja usiku na moshi, akawahamisha, na asali akachukua yeye. Siafu nao wakipita wakati wa mvua siwazuii hata kidogo. Naondoka, wanaingia, wanamaliza mende na vitoto vya panya, wanakwenda zao.

Walionishinda mpaka sasa ni kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja miaka ya 1890 kusafisha taka. Wanachana turubai kwa midomo, na mvua inaingilia hapo. Nimetandaza nyavu kuukuu za kuvulia juu yake, na wamepungua, kwa sababu hawapendi kunasa makucha. Mashua pia nimeitoa chini ya mwembe, kulikokuwa na majimoto, wale sisimizi wakali, wanaodondoka na popo wanaochafua.

Siku ya kushusha ninazunguka na karatasi mkononi: wavu wa tundu la ngama utoke ndipo kizibo kigongwe, mitego yote ihesabiwe, vizibo vya dawa vyote viokotwe, tepe nyekundu zote ziwe mfukoni mwangu. Kisha tunaisukuma wakati maji yanajaa, inavuja kama kawaida ya ubao uliokauka, na vijana wanakumba maji mpaka mbao zivimbe.