Kitambulisho kwenye friji

Jumapili, saa nne na ushee usiku. Video tuliiwasilisha Ijumaa na bado nashtuka simu ikilia, nadhani kuna mtu anauliza klipu ya jikoni iko kwa nani. Naandika sasa hivi kwa sababu najijua: ugomvi nitaukumbuka miaka, ila kilichotugombanisha nitakisahau wiki ijayo.

Kazi ya chuo ilikuwa hivi. Makundi ya watu watano, video ya dakika 3, mada inaokotwa kwenye vikaratasi. Wenzetu waliokota "haki", wengine "upendo". Kundi moja likaokota "njaa", neno ambalo kwa mwanafunzi wa hosteli anayesubiri boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) si dhana, ni ratiba. Sisi tukapata "ukimya".

Kikao cha kwanza tulikaa chini ya mwembe, na kila mtu akatoa methali ileile, kimya kingi kina mshindo mkuu, kana kwamba kaitunga yeye. Ndani ya nusu saa tulikuwa na wazo: binti anatazama bahari, anageuka polepole, huku sauti nzito ikisoma shairi. Shairi niliandika mimi, kwa hiyo nina haki ya kusema lilikuwa baya. Lilikuwa na "ewe ukimya" mara nne. Hakuna aliyeona kichekesho chenyewe, kwamba tunataka kuonyesha ukimya kwa kuongea dakika tatu mfululizo.

Jumamosi tukapanda pantoni pale Magogoni hadi Kigamboni kuutafuta ufukweni. Tulirudi na klipu arobaini na kitu za upepo. Maiki ya simu ikipigwa na upepo haitoi sauti ya upepo, inatoa sauti ya mtu anayeburuta gunia. Tukaivalisha soksi (safi, naapa). Gunia likapungua, yakabaki mawimbi, muziki wa baa iliyo mbali, na muuza karanga aliyekuja kusimama nyuma yetu akitikisa sarafu mkononi. Mmoja akapendekeza makaburini. Tukamwangalia, akajinyamazia mwenyewe.

Usiku huo nililala kwa mama mdogo, Mbagala. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, umeme ukakatika. Giza sikulishangaa. Kilichonishangaza ni friji. Lilijitikisa kidogo, likaguna, likanyamaza, na hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote lilikuwa linaunguruma. Nimekula, nimelala na nimesomea mitihani nyumba ile, sikuwahi kulisikia hadi lilipoacha. Baadaye kidogo nikaanza kusikia vingine: tone la bomba kwenye ndoo, ndala za jirani uani, mtu anakohoa nyumba ya tatu. Umeme uliporudi watoto wa mtaa mzima wakapiga ile "weeeee!" yao, friji likajikohoza, na vile vyote vikafutika. Nikasimama na sufuria mkononi, maji yananichuruzika hadi kiwikoni.

Nikawaandikia wenzangu kwenye grupu usiku uleule: tuonyeshe friji linaponyamaza. Watatu wakakubali, shairi likazikwa bila matanga. Wa tano, yule tuliyemkabidhi kazi ya sauti, akawa kimya. Jumapili kimya. Jumatatu kimya. Tukaanza kumfasiri. Kanuna kwa sababu wazo lake la makaburini lilikataliwa. Anatudharau. Anataka tufanye sisi, maksi apate yeye. Nilimwandikia ujumbe mrefu wenye neno "uwajibikaji". Jumanne nikamkuta kantini anakula chipsi mayai, kachangamka, ananiuliza tunaanza lini. Bando lilimwishia. Tiki moja ya kijivu ilikuwa inatuambia hivyo tangu mwanzo, na sisi watano kasoro mmoja, wanafunzi wa mawasiliano, hatukuisoma. Kosa lile tukaliingiza kwenye video: simu mezani, ujumbe wenye tiki moja, mkono wa mtu unaisogeza, unaigeuza, unaifunika. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na inaniaibisha vilevile.

Kurekodi ndiko kulikotutoa jasho. Nilidhani ukimya unatengenezwa kwa kushusha sauti hadi sifuri. Tulipofanya hivyo kwa majaribio, nikampa mwenzangu wa chumbani hedifoni aangalie. Ilipofika sehemu ya kimya akavua hedifoni, akaipuliza, akachomeka upya. Kwake haukuwa ukimya, ulikuwa ubovu. Mhadhiri akatueleza kwamba watu wa filamu wakimaliza kurekodi mazungumzo chumbani huwaomba wote wasimame tuli, kisha hurekodi chumba kitupu kwa nusu dakika au dakika nzima. Kila chumba kina pumzi yake. Ukikata maneno halafu usijazie pumzi hiyo, sikio linaona tundu hata kama mwenye sikio hajui kaona nini. Hata zile filamu bubu za zamani, akasema, ukumbini zilipigiwa piano.

Sawa, tukarudi kwa mama mdogo kurekodi pumzi ya jiko. Simu ikatukatalia. Simu nyingi zina tabia ya kujirekebishia sauti zenyewe: ukipiga kelele zinapunguza, ukinyamaza zinaongeza ili zisikose kitu. Kwa hiyo kadiri tulivyotulia ndivyo nayo ilivyojikamua, na tuliposikiliza tukapata mlio kama wa chapati inayomwagiwa mafuta. Simu haiamini kwamba mtu anaweza kutaka kurekodi kimya. Yule wa sauti (aliyefufuka na bando la wiki nzima) akapata programu ya bure inayokuruhusu kufunga kiwango cha sauti mahali pamoja, na tangu hapo ndiye aliyekuwa bosi wetu.

Likabaki friji.

"Mama mdogo, tunaomba tulizime. Dakika kumi tu."

"Mna wazimu? Humo kuna samaki wa watu."

Samaki walikuwa wa wateja wake, changu kilo sita. Alikubali kwa sharti kwamba wakiharibika nitawanunua wote mimi. Ndipo bosi wa sauti akatoa ujanja aliousoma mahali: mafundi sauti wakizima friji la mwenye nyumba huweka ndani yake funguo za gari lao, wasije wakaondoka wakasahau kuliwasha. Sisi gari hatuna. Tulitafuta ni kitu gani hatuwezi kuondoka bila nacho, na jibu likawa kitambulisho cha chuo. Changu, maana friji ni la mama yangu mdogo. Kikalazwa juu ya mfuko wa samaki. Nawahakikishia ujanja unafanya kazi. Nawahakikishia pia kwamba Jumatano asubuhi mlinzi wa getini alikishika kwa ncha za vidole, akanusa, akanirudishia bila kuuliza jina.

Kwenye kompyuta tuliona jambo ambalo bado linanizungusha. Kuna programu ya kuhariri inayochora sauti kwa rangi, nzito chini, nyembamba juu. Tulipofungua klipu ya jiko kabla ya kuzima friji, pale chini kwenye mitetemo mia moja kwa sekunde kulikuwa na mstari mnyoofu, kama uzi wa fundi ujenzi, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa klipu. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mashine kama friji huvuma mara mbili ya hapo. Nikafungua klipu ya chumbani hosteli, mstari upo. Ya maktaba, upo. Nimeishi juu ya noti moja maisha yangu yote.

Tatizo la mwisho lilikuwa watoto. Kukata umeme wenyewe kwa swichi kubwa ni rahisi, ila watoto wa mtaa hawakushangilia, kwao ulikuwapo. Tukawaomba washangilie. Wakashangilia kama watu wa tangazo la sabuni, mmoja akaipungia kamera. Ikabidi kungoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa dirishani na simu mkononi nikiomba umeme ukatike, Jumatano ya wiki iliyofuata, kutwa, nao ambao hukatika nikiwa napiga pasi ukawaka kwa adabu hadi saa mbili usiku. Ulipokatika nilikaribia kupiga "weeee" mimi. Ulirudi baada ya dakika ishirini na tano na tukaipata, sauti ya mtaa mzima kwa mkupuo, pamoja na mbwa mmoja aliyechelewa.

Ijumaa tulikuwa kundi la nne. Ukumbi umejaa, projekta imefifia, spika mbili za pembeni. Jiko likatokea, friji likaunguruma, likazima. Hapo tulikuwa tumeweka sekunde 20 za uani kwa mama mdogo: tone la bomba, ndala, kikohozi cha mbali. Hakikusikika chochote. Mafeni ya ukumbini yalikuwa yanapiga kwa nguvu zote, na sauti tuliyoitafuta wiki mbili ilikuwa imezama chini yake. Watu wakaanza kugeuka. Mhadhiri akainuka, akaenda kwenye spika, akatikisa waya.

"Mwalimu, haijaharibika," bosi wa sauti akasema kutoka nyuma. Ndiyo sentensi pekee niliyowahi kumsikia akiitamka kwa sauti kubwa. "Ni mafeni."

Mhadhiri akabaki ameshika waya. Kisha akamwonyesha kwa kidole aliyekaa karibu na swichi. Mafeni yakapunguza mwendo, yakazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, yakasimama. Joto likaanza kushuka juu yetu. Akarudisha video mwanzo.

Safari hii ndoo ilisikika hadi mlangoni.