Mwajiri yuko Uholanzi, ofisi iko Sinza

Kazi yangu ni kukagua programu za kampuni moja ya Uholanzi kabla hazijawafikia wateja, na naifanyia nyumbani kwangu Sinza, Dar es Salaam. Wengi huniuliza niliipataje. Mimi naona kuipata ni nusu tu. Kazi ya namna hii haina mhasibu wa kukukata kodi wala afisa utumishi wa kukupelekea mchango NSSF. Hayo yote ni yako, na yanatakiwa yaanze na malipo ya kwanza.

Kabla ya kusaini mkataba niliomba mambo mawili yaongezwe. Kwanza, gharama zote za kutuma fedha wazibebe wao. Hela ikitoka Ulaya mara nyingi hupitia benki nyingine njiani, na kila anayeishika anaweza kumega. Msipokubaliana mapema, kinachoingia kinapungua na ankara inabaki vilevile. Pili, notisi ya mwezi mzima kwa upande wowote, maana mkataba wangu ni wa mtoa huduma, si wa mwajiriwa. Sina kiinua mgongo, sina likizo ya malipo. Walikubali yote mawili. Benki nako niliacha nakala ya mkataba, na kila mwezi napeleka ankara, ili fedha ikiingia isianze kuulizwa imetoka wapi.

Kwenye kodi ndiko ninakobishana sana na wenzangu. "Hela ya nje, TRA inaingiaje?" Inaingia. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa kipato chake popote duniani kilikotoka. Nilikwenda na TIN yangu, dada wa kaunta akanielekeza kwa subira: nikadirie mapato ya mwaka, niwasilishe makadirio kabla Machi haijaisha, nilipe kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato halisi, inafuata, mwisho Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kipato kinachozidi shilingi 12,000,000 kwa mwaka, ile ziada inatozwa asilimia 30, na hiyo si hela ya kuokoteza dakika ya mwisho. Kwa hiyo malipo yakiingia, fungu la kodi nalihamishia akaunti nyingine siku hiyohiyo, kabla hata sijanunua LUKU.

NSSF nachangia kama mtu aliyejiajiri. Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Naona pensheni inavyomtunzia heshima yake, hamwombi mtu hela ya dawa. Nami nataka uzee wa namna hiyo.

Saa hazikunisumbua. Uholanzi wako nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto; wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao chao cha saa tatu asubuhi kwangu ni saa tano au saa nne, kwa hiyo mtoto namfikisha shule bila haraka. Nilichokazania ni jioni: ikigonga saa moja usiku, simu ya kazi nazima.

Umeme niliutafutia inveta na betri wakati wa mgao. Intaneti ni habari nyingine, kwa sababu hata ukiwa na laini za mitandao miwili, zote zinaweza kutegemea nyaya zilezile za baharini. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, Dar nzima mtandao ukawa wa kusuasua. Lakini mimi na msimamizi wangu tulishapanga tangu mwanzo: tukipotezana ni SMS, na kwenye kompyuta nakuwa na kazi niliyokwisha kuipakua. Jumatatu nikamtumia ujumbe, nikaendelea kukagua, ripoti nikawa nazituma usiku wa manane mtandao ukichangamka kidogo. Ankara ya mwezi huo ililipwa yote.