Zulia kwanza, rangi ya ukuta baadaye

Watu wengi wakipanga sebule huanza na makochi, wakaja kwenye mapazia, na zulia likatafutwa mwisho ili lifanane na vilivyokwisha nunuliwa. Mimi naanza na zulia. Likishatandikwa, ndipo najua ukuta upakwe rangi gani na kochi liwe la kitambaa gani. Tena zulia lenyewe liwe la Morocco, la zamani, lenye rangi za kuwaka.

La sebuleni kwangu ni la Boujaad, mji wa tambarare za katikati ya Morocco, magharibi ya milima ya Atlas ya Kati. Mazulia ya huko yanajulikana kwa wekundu, waridi, chungwa na zambarau. Langu linaanza na wekundu mzito, halafu ghafla, bila mpaka wowote, linakuwa waridi. Sufu iliyotiwa rangi ilimwishia mfumaji, akachemsha nyingine, na chungu cha pili hakikutoa rangi ile ile ya kwanza. Akaendelea kufuma. Maumbo yake ya almasi nayo ni mapana chini, yanabanana juu, kwa sababu wanawake wengi wa vijijini hufuma bila mchoro, kwa kumbukumbu na kwa jicho. Mahali hapo wekundu unapogeuka ndipo ninapopapenda kuliko pote. Zulia la kiwandani haliwezi kunipa kitu hicho.

Ukienda kununua, geuza zulia kabla hujalisifia. Mgongo hauoni jua wala viatu, kwa hiyo rangi yake huwa imekolea kuliko usoni. Kisha tenganisha manyoya kwa vidole uangalie shina la fundo: rangi iliyopauka kwa miaka hufifia nchani na kukolea kadiri unavyoshuka. Likiwa limepauka sawasawa uso na mgongo, na sufu ni kavu, inakatika, shuku dawa ya kupaushia. Halafu chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua penye wekundu. Kikitoka na rangi, zulia linachuja, na siku maji yakimwagika utajuta.

Muuzaji akikuambia rangi zote ni za mimea, sikiliza kwa adabu tu. Ni kweli Morocco ina historia ndefu ya nili kwa bluu, mizizi ya mmea wa madda kwa wekundu na maganda ya komamanga, lakini rangi za viwandani zilianza kuingia mwishoni mwa karne ya 19. Waridi kali na chungwa la mazulia mengi ya miaka ya 1960 na 1970 ni la kopo. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Mfumaji alipata rangi mpya akaifurahia, na furaha hiyo inaonekana.

Kwenye mpangilio, nina msimamo mmoja: usifuate rangi kubwa ya zulia. Zulia jekundu na mito myekundu ni kelele. Tafuta rangi iliyojificha. Kwangu ilikuwa kijani cha zeituni, vifundo vichache tu pembeni, na ndiyo niliyochagua kwa mito. Kuta nikaziacha nyeupe isiyong'aa. Kumbuka pia kwamba mazulia haya ya zamani mara nyingi ni marefu na membamba, hayaendani na sebule ya mraba. Langu nimelilaza juu ya mkeka mpana usio na nakshi, na miguu ya mbele ya kochi imekanyaga ukingo wake.

Chumbani nina boucherouite, aina iliyoenea katikati ya karne ya 20, inayofumwa kwa vipande vya nguo chakavu. Ukiinama utaona milia ya fulana, uzi wa nailoni unaometa, na kipande cha sweta la bluu ambacho mishono yake bado haijafumuka. Nimelitundika ukutani, kwa sababu matambara yanachakaa haraka kuliko sufu yakikanyagwa.

Kuhusu nondo: wanapenda sufu iliyo gizani isiyoguswa. Inua zulia mara kwa mara, safisha na sehemu iliyo chini ya kochi, na uligeuze upande wa dirishani ili jua lisile kona moja tu. Sasa natafuta zulia la Azilal, la milima ya Atlas ya Juu, kwa ajili ya ukumbi, jeupe, lenye michirizi ya rangi iliyotawanyika. Ukumbi wenyewe bado sijaupaka kitu.