Siku moja maishani mwangu: panya buku kwenye uwanja wa mabomu, mkoa wa Gaza, Msumbiji, 2010

Saa kumi na nusu alfajiri. Mlezi wangu anakuja kuniamsha, hajui kwamba sijalala. Panya buku ni wa usiku, na kazi yetu hufanywa mapema kabla jua halijachoma. Natolewa kwenye chungu changu cha udongo, napandishwa mzanini: kilo moja na robo. Uzito huo ndio ulionipa ajira. Bomu linalomngoja mtu halinihesabu mimi.

Saa kumi na moja na nusu. Niko sandukuni, nyuma ya gari, barabara yote ni mashimo. Nilizaliwa Morogoro, watu wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa mabomu, wakanifunza pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa miezi tisa hivi. Somo lilikuwa moja tu: ukinusa TNT, kilipuzi kilichomo kwenye mabomu, kwaruza. Kidude kinalia "ta!", kipande cha ndizi kinafuata. Vyuma havikuwemo kwenye mtaala, ndiyo maana nawahi kuliko mtu mwenye mashine ya kutambua vyuma. Yeye husimama kwa kila msumari na kila ganda la risasi, na ardhi iliyopiganiwa imejaa takataka hizo. Mita za mraba 200 zinaweza kumla siku kadhaa. Mimi nusu saa yanitosha.

Saa kumi na mbili. Uwanjani. Wategua mabomu wameshasafisha njia mbili za kusimamia walezi, mmoja huku, mwingine kule, na kamba imenyooshwa katikati. Navishwa mkanda kifuani, nakwenda na kurudi, pua chini. Kamba yenyewe nyembamba. Meno yangu yangeimaliza kabla mlezi hajapepesa jicho. Lakini nimelelewa kizimbani. Nikiikata, shimo la kukimbilia liko wapi?

Hapa hakuna "ta!" wala ndizi. Watu wenyewe hawajui kilichozikwa, wataniambiaje nimepatia? Nakwaruza, mlezi anaandika mahali, tunasonga. Kazi ya kimya namna hii inataka moyo, na sisemi hivyo kujisifu (sawa, kidogo najisifu).

Waliotega mabomu mkoani humu ni wengi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, bendera ya Mreno ikashushwa, na bado jeshi la Rhodesia (Zimbabwe ya leo) likatega mabomu mpakani. Kisha FRELIMO, chama kilichoshika serikali, na RENAMO, waasi, wakapigana tangu 1977 hadi mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Ukiwauliza watu, kila bomu lina mwenyewe na kila mwenyewe ana sababu yake. Puani kwangu yote ni TNT.

Saa kumi na mbili na nusu. Katikati ya boksi, yaani kipande cha ardhi nilichopangiwa kunusa, nyasi zinasogea. Sungura.

"Bwana Mkia," ananiita, "kumbe ni wewe unayetubomolea ukuta?"

"Ukuta gani?"

"Huu tuliomo. Mbwa wa kijijini haingii humu. Akikaribia, mwenyewe anampigia mluzi arudi. Mwindaji haji. Jembe halijafika. Nyanya yangu kazaliwa humu, mama kazaliwa humu. Kwetu sisi uhuru ulikuja mabomu yalipozikwa."

Hatua chache kutoka alipo pana mifupa ya paa, imeota nyasi mbavuni. Namwonyesha kwa pua.

"Paa alikuwa mzito," anasema Sungura. "Hilo nalo kosa langu?"

Sina jibu la haraka. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Bomu kama PMN, lile jeusi la Kisovieti lenye gramu 240 za TNT, halijui vita viliisha lini wala nani alishinda. Linajua uzito tu. Kwa hiyo nchi imegawanywa na mzani. Upande mmoja tuko mimi, Sungura, kwale na nyoka, tunapita juu yake kama hakuna kitu. Upande wa pili ni ng'ombe, paa, mtoto aliyetumwa kuni. Sungura anauita uhuru wake, nami naona ni bahati ya kuwa mdogo. Hata hivyo anachosema kuhusu jembe ni kweli. Nikimaliza hapa, vichaka vitafyekwa na yeye atahama, na hakuna fomu yoyote inayomtaja.

Nakwaruza pale pale, hatua moja kutoka mguuni pake. Anaruka.

Saa mbili. Jua limepanda, nimepakwa losheni masikioni na mkiani. Tunapitia kiwanja cha mazoezi, ambako mabomu yanajulikana yalipo. Hapa ndizi ipo. Najaza mifuko ya mashavu hadi sura inapotea.

Saa tatu hadi alasiri. Usingizi.

Saa tisa. Mshindo. Chungu kinatetemeka. Wamechimba nilipokwaruza, wakalikuta, wakalilipua papo hapo. Jioni nasikia wakisimuliana: PMN. Mzee mmoja wa kijijini amekuja hadi kwenye utepe kuuliza kama anaweza kuanza kulima, maana mvua zinakaribia. Shamba lilikuwa la baba yake kabla ya vita.

"Bado, baba," mlezi anamwambia. "Panya mwingine atapita tena, halafu tutawakabidhi rasmi."

Mzee anauliza ni siku ngapi. Mlezi hamtajii.

Saa mbili usiku. Sasa ndiyo nimechangamka. Napanga na kupangua matandiko, nazika karanga, nazifukua. Kizimba cha jirani yupo mwenzangu atakayerudia boksi langu kesho. Nimemwonya kwamba Sungura ni msemaji, asimpe nafasi ya kuanza. Mimi nimepangiwa boksi linalofuata, upande wenye vichaka vizito, na nadhani huko ndiko alikokimbilia.