Kibla upande wa Kibo: miaka yangu mitatu katika chuo cha kanisa

Majina yalipotoka, nyumbani kwetu Pangani palikuwa kimya. Nilikuwa nimeomba vyuo vitatu. Viwili vya serikali vilininyima nafasi, na cha tatu, chuo cha kanisa huko Moshi, kilinichukua kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Baba yangu ni mwalimu wa madrasa. Kwa wazee wa kwetu, ukisema "chuo" bila kuongeza neno, unasema hiyo madrasa. Sasa binti wa mwalimu wa chuo alikuwa anapelekwa chuo chenye msalaba getini.

Ami yangu alikuja jioni ile ile, baada ya Magharibi, na hakuzunguka. Mtoto wa kike akalale na kuamka kwa kengele ya kanisa, huko mbali, nani atamwangalia? Mama hakutia neno. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, akiupeta na kuuchambua hata pale ulipokuwa hauna tena chuya wala jiwe.

Baba alimwacha ami amalize. Kisha akamkumbusha kisa ambacho sote tulikisoma utotoni, cha hijra ya kwanza. Waislamu wa Makka walipozidiwa na mateso, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makuraishi walipotuma watu kuwadai, Jaafar bin Abi Talib alisimama mbele ya mfalme akasoma mwanzo wa Suratu Maryam, na Najashi akakataa kuwatoa. "Jaafar hakujificha," Baba akasema, "na hakumtusi mwenyeji wake. Alisoma cha kwake." Ami akamaliza kahawa yake, akaaga. Mwishoni mwa 2018 nikapanda basi la Moshi.

Nayaandika haya kwa sababu kila msimu wa udahili napigiwa simu na wazazi wa Pwani. Swali ni lile lile: mtoto kapangiwa chuo cha kanisa, tumpeleke? Mimi nitasema nilivyofanya, na mahali nilipokosea.

Jambo la kwanza nililofanya vizuri ni kupiga simu kabla ya safari. Fomu ya maelekezo ya kujiunga ilitaja ibada za asubuhi na mavazi ya heshima, basi nikaomba kuzungumza na mshauri wa wanafunzi. Nilimuuliza mambo matatu bila aibu. Hijabu inaruhusiwa? Ndiyo. Nalazimika kuingia ibadani? Hapana, ila mkusanyiko wa Jumatano ni wa wote, kwa kuwa matangazo ya chuo hutolewa hapo. Na chakula? Akacheka kidogo, akanipa mama wa mesi azungumze nami mwenyewe. Yule mama aliniambia jikoni kwake kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hakiingii, na nyama ya buchani imechinjwa na Muislamu, kama ilivyo desturi nchini. "Njoo ule, mwanangu." Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza. Usiku ule ndio aliotoa sanduku chini ya kitanda na kuanza kunipangia nguo.

Kuhusu mavazi, wala sikuwa na la kubadilisha. Kanuni za chuo zilikataza sketi fupi na nguo za kubana, na mimi nilikuwa na madira na mitandio yangu.

Chumbani nilipangwa na binti wa mchungaji kutoka Siha. Wiki ya kwanza tuliishi kama watu waliobeba mayai. Yeye alikuwa akiamka saa 10 usiku kuomba, kwa sauti, akitembea huku na huku, na mimi nikajifunika shuka kichwani mpaka Alfajiri. Siku ya tano nikamwambia ukweli kwamba nakosa usingizi. Akashtuka, akasema alidhani nimeshaamka kwa sala zangu, na kwamba yeye naye alikuwa akijizuia kuwasha taa asinisumbue. Tukakubaliana: sauti ya chini kabla ya saa 11, na baada ya hapo kila mtu na Mola wake. Yeye ndiye aliyenisaidia kupata kibla. Nilikuwa nimeduwaa katikati ya chumba na simu isiyokuwa na chaji, akaniuliza Makka iko wapi. Nikamwambia kutoka hapa ni kaskazini, imepinda mashariki kidogo sana. Akafungua dirisha. "Kaskazini si mlimani?" Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imefunuka, nyeupe juu. Kwa miaka mitatu nimesali nikielekea mlima ule.

Nilikokosea ni Ramadhani ya kwanza, Mei 2019. Tulikuwa na tesiti ya kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, na kule jua huzama kwenye saa 12 na nusu. Nilijua hivyo wiki nzima. Nilipaswa kwenda kwa mwalimu wa somo nimweleze, nikaona haya. Sikutaka kuonekana mtu wa kudai upendeleo katika nyumba ya watu. Nikafunga tende tatu kwenye tishu, nikaziweka mfukoni, nikaingia ukumbini.

Saa ya ukutani ilipofika nikasoma dua kimoyomoyo, nikatoa ile tishu chini ya meza. Msimamizi aliniona. Alikuja haraka, akanyoosha mkono, na ukumbi wote wa watu zaidi ya mia ukanyanyua vichwa. Kwetu wanafunzi, karatasi iliyokunjwa ikitolewa chini ya meza ni kitu kimoja tu: kibomu, majibu ya kuibia mtihani. Aliikunjua mbele yangu, mkunjo mmoja mmoja. Tende ya kwanza ikaanguka juu ya karatasi yangu ya majibu, ikaacha doa la asali kwenye swali la tatu. Alizitazama tende, akaigeuza tishu upande wa pili kuona kama imeandikwa kitu, kisha akairudisha bila kusema neno. Nilifuturu machozi yananitoka. Nusu saa iliyobaki sikuandika hata sentensi moja ya maana.

Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenitoa kitandani kesho yake. Aliniambia niende kwa mshauri wa wanafunzi, tena akanisindikiza hadi mlangoni. Mshauri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Nani alijua kwamba umefunga?" Sikuwa na jibu. Alimwita msimamizi, tukakaa watatu. Yule bwana aliomba radhi kwa unyoofu ambao sikuutarajia kutoka kwa mtu mzima kwa msichana wa mwaka wa kwanza. Kisha tukaandika barua, mimi na Waislamu wenzangu kumi na mmoja ambao mpaka siku hiyo nilikuwa sijawahi hata kukaa nao, tukiomba tesiti za jioni zisogezwe ndani ya Ramadhani au turuhusiwe kuingia na maji na tende kwenye kopo la wazi. Zilisogezwa mbili. Zilizobaki, kopo liliruhusiwa. Nimeirudia mara nyingi akilini ile tishu, na bado naona kwamba sehemu kubwa ya aibu ile niliibeba kutoka bwenini mwenyewe, kwa kunyamaza.

Kulikuwa pia na kozi ya lazima ya dini na maadili. Wengi huniuliza hiyo kwa hofu kuliko zote. Mwalimu wake alikuwa mchungaji, mtu wa sauti ya chini, anayefuta ubao mwenyewe hata kama wanafunzi wamejitolea. Kazi yangu ya kwanza niliandika kama nilivyodhani wanataka: mistari ya Biblia juu, chini, na katikati. Nikapata 11 kati ya 20. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba amesoma kurasa nne na hajakutana na aliyeziandika.

Kazi ya pili ilihusu mateso. Nikaandika juu ya Nabii Ayubu, kwa vitabu vyote viwili. Katika Qurani habari yake ni fupi. Anamlilia Mola wake, anaambiwa apige mguu wake ardhini, panatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Katika Biblia kuna sura 42, na nyingi kati ya hizo ni mabishano. Ayubu analaani siku aliyozaliwa, rafiki zake wanamwambia lazima ametenda kosa, naye anakataa. Mwanzoni Ayubu huyu alinisumbua. Mimi nimelelewa na "subira ya Ayubu", na huyu wa pili anapiga kelele. Halafu nikamkumbuka Mama. Kaka yangu mkubwa alikuwa mvuvi, na bahari ilimchukua pale mlangoni mwa mto Pangani nikiwa darasa la sita. Mchana, mbele ya waliokuja tanzia, Mama alisema inna lillahi na hakuongeza kitu, na watu wote walisifu subira yake. Usiku nilimsikia uani, peke yake, akiuliza kwa nini, akiuliza tena, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu hapo. Niliandika kwamba Mama alikuwa Ayubu wa vitabu vyote viwili ndani ya siku moja.

Nilipata 17. Mwalimu alinikuta nje ya maktaba akaniomba ruhusa aisome darasani bila kutaja jina. Nilikubali. Alipofika pale pa uani, kijana mmoja wa mstari wa mbele, kiongozi wa maombi wa chuo, alitoka nje na hakurudi mpaka kipindi kilipokwisha. Baadaye nilijua kwamba naye alikuwa amefiwa mwaka ule.

Si kila nilichoalikwa nilikubali. Kwaya ilinitaka, kwa kuwa nilikuwa nikiimba kaswida nikifua. Niliwashukuru, nikawaambia siwezi kuimba maneno ya imani ambayo si yangu mbele ya watu wanaoyaamini, kwani nitakuwa nawadanganya wao na mimi. Hakuna aliyenuna. Nikawa nawachapia maneno ya nyimbo kwenye kompyuta na kuwarekebishia Kiswahili, na Jumapili za sherehe nikasimama na akina dada wa chai. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo ndilo jembe langu. Na walikuwepo wachache walioniambia kila wiki kwamba niokoke. Niliwajibu kwa upole na kwa ufupi, na yule binti wa Siha, siku moja bila kutumwa, akawaambia wamwache dada yake asome.

Mwaka 2020 vyuo vilifungwa Machi kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1, hivyo Ramadhani hiyo nilifunga Pangani. Ya 2021 nilifunga chuoni tena, na safari hii mwenzangu ndiye aliyekuwa akiniamsha daku baada ya maombi yake. Mama wa mesi aliniachia uji wa pilipili manga kwenye chupa. Ijumaa ya mwisho tulifuturisha bwenini, Waislamu na Wakristo, chini kwenye mikeka, kwa pesa tulizochanga kutoka kwenye boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Wakati ule boom ilikuwa bado shilingi 8,500 kwa siku, kwa hiyo mtu aliyetoa elfu tano alikuwa ametoa kitu.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho nao ulizaliwa kwenye ile mikusanyiko ya Jumatano. Nilikuwa nimekaa nyuma, Zaburi ya 23 inasomwa, nikasikia katika aya ya mwisho maneno matatu yenye asili ya Kiarabu, kama ya khutba: hakika, fadhili, maisha. Nikaanza kuorodhesha: zaburi, injili, sadaka, dhambi, shetani, rehema. Msimamizi wangu wa utafiti aliponiona nimewasha moto, akanipa vitabu vya zamani. Humo nilijifunza kwamba Edward Steere wa misheni ya Unguja, alipokuwa akijifunza lugha katika karne ya 19, alitafsiriwa Zaburi na Sheikh Abdul Aziz, mmoja wa maulamaa wa mji, aliyejitolea mwenyewe. Walifika Zaburi ya 16. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake Steere alikiona cha kisomi mno kwa kazi yake, lakini alizichapa zile 16 kama ukumbusho wa wema wa yule mzee. Na tafsiri kamili ya kwanza ya Qurani kwa Kiswahili, ya 1923, ni ya padri wa misheni hiyo hiyo, Godfrey Dale. Yeye aliifanya hasa ili walimu wa kanisa wapate hoja za kujadiliana na Waislamu, na hilo nililiandika pia, sikulificha. Lakini nilikaa muda mrefu na picha ya yule sheikh, kalamu mkononi, akiwatafutia Wakristo neno zuri.

Nilimsomea Baba ukurasa huo kwenye simu. Aliniambia ngoja. Nikasikia akisogeza kiti, akiitoa rafuni Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ya 1969, ile aliyoifunika kwa kitambaa cha kijani. Akaniuliza huyo padri wa 1923 aliifasiri vipi Suratu Maryam. Ikabidi nirudi maktaba.

Alikuja mahafali, kwa kanzu na kofia ya vito, pamoja na Mama na ami. Sala ya kufungulia iliposomwa, ami alitazama chini, na Baba akaweka viganja vyake juu ya magoti, akatulia mpaka ikaisha. Mchungaji wa kozi ya maadili alikuja hadi kwenye hema letu, akamwamkia Mama shikamoo ingawa umri wao haupishani sana, akamwambia amesikia habari za mwanawe wa baharini. Mama alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Juzi amenipigia binti mmoja wa Mkwaja, kapangiwa Moshi. Nimemwambia apige simu ya mshauri kabla ya kununua tiketi. Nimemwambia anunue kopo la plastiki lenye mfuniko unaoonyesha ndani, la tende, na Ramadhani ikikaribia aende kwa kila mwalimu mlango kwa mlango, asione haya. Akaniuliza atajuaje kibla akifika usiku. Nimemwambia angoje kukuche, afungue dirisha, autafute mlima.