Grapo ya trekta dogo: anza na namba za loda, meno baadaye

Watu wengi wakitaka kununua grapo ya trekta dogo wanaanzia kwenye picha. Wanaangalia meno, wanaangalia rangi, wanakutana na video ya jamaa amebana gogo la maana anatembea nalo kiulaini, basi roho imeshaenda. Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, grapo ni lile kucha la chuma linalokaa mbele kwenye loda, yaani ile mikono ya kunyanyulia ya mbele ya trekta, mahali pa ndoo, chini ina meno, juu ina mfuniko unaovutwa na silinda ya haidroliki, unachomeka meno chini ya rundo la matawi au kisiki au jiwe alafu mfuniko unashuka unabana. Kazi ya kuinama inaisha, mtu mmoja kwenye siti anamaliza kilichotaka kundi zima. Hapo sibishi hata kidogo. Ninachobishia ni namna watu wanavyoichagua, maana trekta dogo halichagui kwa macho, linachagua kwa kilo.

Chukua kitabu cha loda yako uangalie uwezo wa kunyanyua. Kuna namba zaidi ya moja pale na wauzaji wanapenda kukusomea ile nono. Ile nono mara nyingi imepimwa kwenye pini, yaani pale mikono ya loda inapoishia, na hakuna mzigo duniani unaokaa kwenye pini. Mzigo unakaa mbele ya pini, ndo maana vitabu vingi vinatoa na namba ya pili iliyopimwa nusu mita mbele, na hiyo ni ndogo kwa kiasi cha kukuudhi. Tuseme loda inasema kilo 500 kwenye pini kwa kimo cha mwisho, ukisogea nusu mita mbele unaweza kubaki na 370 hivi. Sasa toa uzito wa grapo yenyewe. Ukichukua ya kilo 180 umebakiwa na 190 za mzigo. Ukichukua ile babu kubwa ya kilo 280 iliyokuvutia kwenye picha umebakiwa na 90, yaani umenunua mashine ya kubeba mashine.

Na mzigo wenyewe tuupime basi. Gogo bichi la mti mgumu lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 3 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.38, na mti mbichi wa aina hiyo uzito wake unacheza karibu na wa maji, kwa hiyo ni kilo 370 hadi 380. Jiwe la mviringo la sentimita 60 ni kama kilo 300, maana mawe mengi yanakimbilia kilo 2,600 kwa mita moja ya ujazo. Vyote viwili ukiviona pale chini unasema hivi ni vidogo. Afadhali ni kwamba loda nyingi zina nguvu zaidi karibu na ardhi kuliko zikiwa juu, kwa hiyo unaweza kukinyanyua kidogo tu ukatembea nacho, ila kukipandisha kwenye bodi ya gari ni habari nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa trekta la nguvu za farasi 25 mpaka 40 na kitu hivi, tafuta grapo nyepesi ya mfuniko mmoja, upana wa sentimita 120 hadi 150, basi. Najua kuna watu watasema iwe pana kama trekta. Hiyo ni akili ya ndoo. Ndoo inatakiwa ifunike njia ya tairi kwa sababu unasawazisha udongo, usipofunika unakanyaga ulichokiacha. Grapo haisawazishi kitu, inabana. Ikiwa nyembamba mzigo unakaa katikati, na mzigo ukikaa katikati mikono ya loda haisokotwi upande mmoja. Upana unaouongeza unalipia mara mbili, kwanza kwa kilo, pili kwa kupita kati ya miti ambapo tairi zimepita grapo imegoma.

Mifuniko miwili inayojitegemea ni kitu kizuri, sikatai, gogo likiwa nene upande mmoja na jembamba upande mwingine kila mfuniko unashuka mpaka unapokutana na chake. Ila ni silinda mbili, hosi za ziada, pini za ziada na kilo za ziada, na kwenye upana wa sentimita 120 faida yenyewe unaitafuta kwa tochi. Ikifika mita 1.7 kwenda juu na loda yako ina msuli, hapo sawa.

Umbo nalo. Ile ya meno yaliyonyooka chini kama herufi L inaingia vizuri chini ya marundo ya vichaka, unaisukuma inateleza, na udongo unachujika kwenye nafasi za meno unabaki na mizizi mitupu. Ile iliyopinda kama herufi C inashika gogo na jiwe vizuri zaidi ila inakataa kuteleza chini ya rundo. Kuna ya tatu ambayo ni ndoo kamili imewekewa mfuniko, nzuri kwa mbolea na takataka ndogondogo, lakini kwa visiki unabeba udongo wote na kilo zake. Angalia nafasi kati ya jino na jino, sentimita 15 hadi 20 ni kawaida, mawe ya ngumi yatapita yote hapo na huo ndo mpango wenyewe, kama unataka kuokota mawe madogo basi unatafuta kifaa kingine.

Sasa haidroliki, na hapa ndo pesa ya kweli ilipo, watu wanabajeti chuma wanasahau mafuta. Joistiki ya loda ina kazi mbili, kupandisha na kukunja. Mfuniko wa grapo ni kazi ya tatu na trekta nyingi ndogo hazitoki nayo. Njia zipo tatu hivi. Ya kwanza unavuta hosi ndefu kutoka kwenye matundu ya nyuma ya trekta, zinapita chini mpaka mbele, unafunga na kufungua kwa wenzo wa huko nyuma au ubavuni, yaani mkono wako mmoja ukiwa kwenye joistiki ya loda, ule mwingine lazima uachie usukani. Inafanya kazi, kwa mtu wa kutumia mara mojamoja inatosha kabisa. Ya pili ni valvu ya kugawa, kitufe cha umeme kwenye joistiki, ukibonyeza mafuta yaliyokuwa yanaenda kukunja yanageuzwa yanaenda kwenye mfuniko. Ni rahisi kufunga, ila huwezi kukunja na kubana kwa wakati mmoja, na ukishakuwa na rundo la matawi yanayojaribu kutoroka utaelewa kwa nini hilo ni tatizo, kwa sababu kubana vizuri ni kukunja huku mfuniko unashuka, vyote pamoja, ukivitenganisha nusu ya matawi yameshabaki chini na unarudi tena.

Ya tatu ni valvu kamili ya kazi ya tatu yenye njia yake ya mafuta. Mimi kama pesa ni moja na lazima nichague, nanunua grapo ya kawaida na valvu hii kuliko grapo ya kifahari na valvu ya kugawa. Pampu ni ile ile, ukibonyeza kila kitu kwa pamoja mwendo unapungua, lakini vinaenda. Kufunga usimpe mtu wa kubahatisha, mafuta yanaingilia wapi na yanatokea wapi ni jambo la kufuata mchoro, njia ya presha ukiichomeka kwenye njia ya kurudi tanki unaweza kupasua valvu nzima. Na mifumo hii inaenda kwenye bar 170 na zaidi, kwa hiyo ukiona hosi inatoa jasho usipapase kwa kidole, tumia kipande cha boksi, mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano yanaingia ndani ya ngozi na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Kapla za mbele, yaani viungio vya kuchomeka hosi, chukua za uso bapa, zile za kawaida zenye shimo zinakusanya uchafu na huko mbele uchafu ndo kwao.

Kuhusu inavyojifunga kwenye loda sitakaa sana. Trekta nyingi siku hizi zina fremu ya kuchomoa haraka ya mtindo wa skidi stia (ile mashine fupi ya loda ya kazi nzito), mtindo ambao ndo umekuwa wa kila mtu. John Deere wana kulabu zao wenyewe kwenye loda zao nyingi. Loda nyingine ndogo bado ni za pini tu. Uliza kabla ya kulipa. Ila kuwa makini na hapa kuna mtego, kwa vile fremu inafanana watu wanakuta grapo ya skidi stia inauzwa vizuri wanaipachika kwenye trekta. Inaingia kweli. Lakini imetengenezwa kwa mashine yenye msuli mwingine kabisa, kwa hiyo tunarudi pale pale, mashine ya kubeba mashine.

Chuma kinene siyo lazima kiwe bora, hii inawakera mafundi wengine lakini ndo hivyo. Chuma cha kawaida cha ujenzi kinaanza kupinda kwenye megapaskali 250 hivi, kile cha nguvu ya juu kinafika 350, kwa hiyo kwa nguvu ile ile unaweza kutumia bamba jembamba na ukaokoa kilo. Muulize muuzaji chuma gani, akijibu "kizito sana" hajakujibu. Mimi naangalia zaidi pini na bushi, kama bushi zinatoka na kubadilishwa, kama kuna nipeli ya grisi kila kiungo, kama silinda imefichwa chini ya bamba na hosi hazining'inii nje, maana tawi lililokatwa kwa ncha likikutana na hosi iliyo wazi kazi imeisha.

Nyuma weka uzito. Boksi la zege, kifaa kizito kwenye ile mikono mitatu ya nyuma ya kufungia vifaa, maji kwenye tairi, vyovyote, ila usitembee mtupu nyuma. Trekta nyingi ndogo zina breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, sasa mbele kukiwa na gogo na nyuma kukiwa kwepesi ukianza kushuka mteremko unakanyaga breki za magurudumu yanayoelea. Weka fo-wili kabla hujaanza kushuka ili na ekseli ya mbele isaidie kuzuia. Mzigo utembee chini, karibu na ardhi. Gogo likiwa juu na umekunja sana linaweza kuteleza kwenye mikono ya loda likaja mpaka kwenye siti, na lile tao la kukinga kupinduka lililoko nyuma yako halikusaidii chochote kwa kinachotokea mbele.

Visiki pia, jamani. Kile cha mizizi mifupi sawa, unazunguka unakata unakata kinatoka. Kile kilichoshika ukikisukuma kwa jino la pembeni huku trekta limekanyagwa mafuta, kinachopinda siyo kisiki, ni mkono wa loda, na mkono wa loda hakuna anayeunyoosha ukawa kama zamani.

Kama hizi hesabu zote zimekuonyesha kwamba loda yako haiwezi, kuna lile kucha moja la kufunga kwa bolti juu ya ndoo uliyonayo. Ni jepesi, linabana matawi na magogo membamba, udongo hauchujiki lakini unaishi.

Ikishafika, kabla hujaenda nayo kwenye matawi, ifungue na kuifunga mwisho hadi mwisho injini ikiwa taratibu, loda ikiwa chini, alafu juu, alafu imekunjwa yote, alafu imemwagwa yote. Angalia hosi kila hatua. Ikivutwa mahali au ikibanwa kwenye kona ya chuma irekebishe hapo hapo, grisi viungo vyote, kaza bolti tena baada ya saa chache za kazi.